Kabla hamjanunua hiyo mashine

Upareni, milimani
17 Machi 2025

Mpendwa Mama Neema,

Habari za joto la Dar? Huku ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nami naandika nimejifunga kitenge juu ya sweta. Wote wazima. Mama yako nilimkuta juzi gulioni akibishana na muuza dagaa kwa nusu saa nzima, kwa hiyo ujue afya yake iko sawasawa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, juu ya lile jiwe la nyuma ya kanisa ambako mtandao unashika. Kwamba umoja wenu wa wazawa umekusanya milioni 4 na laki mbili, mmeona mashine ya utrasaundi iliyotumika kidogo, na mnataka kuja nayo Pasaka muikabidhi zahanati. Nikaanza kukujibu kwa sauti, nikafuta. Mengine siyo ya kusemea juu ya jiwe ambako kila apitaye anasimama kusikiliza. Ndiyo nimechukua karatasi kama enzi za bweni, na barua hii nampa kondakta pamoja na kifurushi cha tangawizi. Usiwagawie majirani yote.

Jibu langu ni hili: msinunue kwanza. Najua litakuudhi. Umewapigia watu simu mwaka mzima, wengine wamekukatia, halafu rafiki yako mwenyewe anakuambia subiri. Lakini mimi ndiye katibu wa kamati ya zahanati, na yako mambo ambayo hayaonekani kwenye picha tunazowatumia.

Mwaka juzi walikuja wageni wenye nia njema, wakatuletea kitanda cha kujifungulia cha kupanda na kushuka kwa umeme. Cheupe, kizuri, kina rimoti. Umeme wetu ni wa sola, unabeba taa nne na friji la chanjo, basi. Siku ya makabidhiano waliwasha jenereta yao, wakakipandisha juu kabisa ili picha ipendeze, kisha jenereta ikaondoka nao. Kitanda kimebaki huko huko juu. Mama mwenye uchungu atapandaje kitu kinachomfika kifuani? Sasa juu yake tumepanga maboksi ya glavu na kadi za kliniki. Rimoti iko kwenye droo ya mganga mfawidhi, bado ndani ya nailoni yake.

Utrasaundi inataka umeme, na inataka aliyesomea kuisoma. Muuguzi wetu hajasomea. Angeisogeza tumboni mwa mtu aone nini?

Halafu nikukumbushe hata jengo lenyewe lilivyopatikana, maana nyie wa mjini mlikuja siku ya ng'ombe kuchinjwa. Saruji ya kwanza, mifuko 40, tulinunua kwa michango yetu wenyewe. Ikakaa stoo mwaka mzima kwa sababu vitongoji viwili vilikuwa vikigombea kiwanja. Unatujua Wapare kwa kesi. Ilipoamuliwa, saruji ilikuwa imeshaganda ndani ya mifuko, na ukija utaikanyaga: ndizo zile ngazi za kuingilia ofisi ya kijiji. Michango ya pili haikutoka mpaka mtendaji alipokubali kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano, mfuko kwa mfuko, msumari kwa msumari. Toka hapo msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kijiji, ukaitika. Tukabeba mawe na mchanga, boma likafika kwenye lenta, ndipo serikali ikaleta fedha za kupaua na kumalizia.

Sasa nikueleze usiku mmoja wa Novemba. Nilikuambia kwa simu kwamba "tulipata dharura", nikaishia hapo.

Mama mmoja wa kitongoji cha juu alijifungua zahanati saa kumi jioni, salama, mtoto wa kiume. Saa moja usiku damu ikaanza kutoka isivyo kawaida. Muuguzi akamchoma sindano, akamkanda tumbo, akamtundikia dripu, na simu akapiga 115. Huo ni ule utaratibu wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wazazi na vichanga: unapiga bure, kituo kinamtafuta dereva aliyeandikishwa aliye karibu, naye analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Ulianzia Shinyanga na Sengerema, siku hizi uko nchi nzima. Dereva alikuja kweli, na mapema. Ila kwenye lile korongo chini ya shule mvua ilikuwa imekata barabara. Akapiga simu: "Mimi nipo ng'ambo, gari halivuki."

Kutoka zahanati hadi korongoni ni kilomita 3, kwa utelezi ule.

Pembe ikapigwa. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya mapato na matumizi, tumebandika zamu ya machela: kila wiki kitongoji kimoja, majina manane. Usiku ule walikuja 11, watatu wakiwa hawamo kwenye orodha. Machela ni miti miwili ya mkaratusi na blanketi zito lililoshonwa kamba pembeni, hakuna cha ajabu. Mimi nilishika dripu juu kwa mkono wa kulia, tochi kushoto. Bibi wa mtoto alikuja nyuma yangu, kichanga kakifunga kifuani ndani ya koti la mumewe. Hakuna aliyeongea ila yule wa mbele: "Jiwe. Shimo. Badilisha bega." Korongoni maji yakatufika magotini, baridi ya kukata, na yule mama akawa anasema kwa sauti ndogo, nishusheni nitavuka mwenyewe. Alikuwa hajiwezi hata kunyanyua kichwa.

Bega la mbele kushoto lilikuwa la mzee mmoja ambaye ana kesi ya mpaka wa shamba na baba mkwe wa huyo huyo mama, mwaka wa tano sasa. Nilimwona kwa tochi, sikuamini. Kesi bado inaendelea, usidhani.

Alifika hospitali, akaongezewa damu, akarudi baada ya siku sita. Mtoto ana miezi minne na analia kuliko kengele ya shule. Wewe unajua ni nani hakufika, mwaka ule tuko darasa la saba, na unajua kwa nini mpaka leo siandiki jina lake. Wakati ule walitafutwa wabebaji nyumba kwa nyumba mpaka kukakucha.

Zamu hiyo tuliitoa wapi? Si kwenye semina. Tuliitoa kwenye ndiva. Babu zetu walichimba yale mabwawa ya kumwagilia, na mpaka kesho kila mwenye shamba anajua zamu yake ya maji na siku yake ya kuzoa tope. Asiyekuja kuzoa, zamu inamruka, hata awe mchungaji. Ni mzee wa ndiva aliyesimama mkutanoni akasema, kama maji ya mahindi yana zamu, kwa nini mzazi hana? Tukacheka. Wiki iliyofuata orodha ikabandikwa.

Lakini kilichonifanya nikae kukuandikia si machela. Muuguzi alipotaka kunawa usiku ule, kwenye chumba cha kujifungulia kulikuwa na nusu ndoo ya maji, na hiyo nusu ililetwa kichwani na yule bibi. Zahanati haina maji, Mama Neema. Ina sinki, ina koki inayong'aa, haina maji. Kila anayekuja kujifungua anaambiwa aje na msindikizaji na ndoo mbili. Asubuhi yake tulikuwa wanawake watano tukipanda na kushuka na ndoo kusafisha sakafu, na nilijiuliza tumebeba mtu kilomita 3 gizani kwa ustadi ule, na maji ya kunawa mikono yametushinda.

Chemchemi iko mita 900 kutoka zahanati, upande wa juu. Yatakuwa maji ya mserereko, hayataki pampu wala dizeli. Fundi amepiga hesabu: bomba, tangi la lita 2,000, chujio na koki, jumla milioni 3 na laki sita. Kaya 240 zimeshatoa 5,000 kila moja, kwa hiyo tuna milioni 1 na laki mbili benki. Mtaro tutauchimba kwa msaragambo. Kilichobaki ni milioni 2 na laki nne.

Najua unachofikiri: tuna milioni 4 hapa, tulipe yote, hizo elfu tano warudishiwe watu. Hapana, tafadhali. Yule aliyetoa elfu tano ndiye atakayemfukuza ng'ombe kwenye bomba bila kutumwa. Ng'ombe wa jirani wakikanyaga bomba la wafadhili, watu wataandika barua Dar es Salaam.

Mzee wetu wa kamati, yule mganga msaidizi mstaafu aliyekuwa anatuchoma chanjo tukilia, ana hadithi mbili ambazo hachoki kuzirudia. Ya kwanza ni 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, alipokuwa kijana akiongoza kikundi cha kusikiliza redio: wanakaa chini ya mwembe, wanasikia kipindi, wanasoma kitabu, halafu wanaulizana, sisi hapa tunafanya nini wiki hii? Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi hivyo nchi nzima. Anasema walichimba vyoo mpaka majembe yakaisha. Ya pili ni Iringa, miaka ya 1980, ule mradi wa lishe wa Unicef na WHO ulioanza kwenye vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, na majibu hayakuishia kwenye daftari la kliniki, yalisomwa kwenye serikali ya kijiji. Mwenyekiti alilazimika kuuliza kwa nini watoto wa kitongoji fulani wamekonda wakati mahindi yapo. Ikaonekana akina mama wanashinda shambani kutwa nzima, mtoto anakula mara moja tu.

Sisi tumeiga kidogo. Siku ya gulio mnunuzi wa tangawizi anatundika mizani yake chini ya mkuyu, na hatua kumi kutoka hapo binti yetu mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatundika ya kwake, ya watoto. Ni mmoja wa wale waliochaguliwa na mkutano wa kitongoji, katika ule mpango uliozinduliwa Januari 2024. Akina mama wanapima tangawizi, kisha wanapima mtoto. Wazee nao wanajifanya wamekuja kuangalia bei, mwishoni wanakunja shati kupimwa presha. Baba yako mdogo alikutwa nayo juu sana, sasa anameza dawa na amepunguza chumvi kwenye makande, ingawa analalamika kwamba anakula mawe.

Haya yote hayapigiki picha vizuri, najua. Mtu hawezi kusimama pembeni ya bomba lililofukiwa ardhini akatabasamu. Na wajumbe wenu watauliza, sasa jina la umoja wetu litaandikwa wapi? Waambie tangi lina upande mpana unaotazama barabara. Nimeshamwuliza fundi rangi.

Mkutano mkuu wa kijiji utakuwa Jumanne tarehe 22 Aprili, siku moja baada ya Jumatatu ya Pasaka. Tumekwepa Ijumaa ya Waislamu, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili yetu. Njooni wawili au watatu, mkae kwenye benchi kama wengine, msipewe meza kuu. Sikilizeni hesabu zikisomwa. Kama mtatoka hapo bado mnaona utrasaundi ni bora kuliko maji, nitanyamaza, na nitakusaidia hata kutafuta pa kuiweka. Pa kuiweka papo, juu ya kile kitanda.

Fedha zenu zitakazobaki baada ya maji msizitangaze bado. Nina wazo la kivuko cha miguu pale korongoni, ila mzee wa bega la kushoto anasema upande mmoja unaangukia kwenye lile shamba lenye kesi.

Ukija, shuka Same kabla ya saa saba, gari la mlimani likishajaa halisubiri mtu. Niletee betri za tochi, zile kubwa, na miwani ya kusomea namba mbili na nusu. Hii yangu niliikanyaga usiku ule ule.

Msalimie Baba Neema na watoto.

Wako,
Mama Baraka