Pai ya cheri za chupa inawezekana kwa mkaa

Mhariri, nyie wa kurasa za mapishi mnatuandikia pai ya cheri kama vile cheri zinamwagwa pale Soko Kuu, wapi bwana, huku Arusha tunazipata za chupa supamaketi na bei imechangamka. Ila zinatosha kabisa! Chuja juisi yake, ichemshe na sukari, ndimu na konflawa mpaka iwe nzito inang'aa ndo urudishe matunda, maana ukimimina na majimaji yake yote unga wa chini unalowa tepetepe. Siagi ya kuchanganyia unga iwe ya baridi. Kwa mkaa, weka mwingi juu ya mfuniko, chini wastani, na isikatwe haijapoa hata watoto wakilia. Bei ikikushinda, plamsi za Lushoto zinafaa pia.

Msomaji wenu, Sakina, Arusha