Mausi ya ofisi ichaguliwe na mkono unaoitumia

Mhariri,

Orodha za manunuzi za ofisi nyingi hapa Tanga, za umma na za watu binafsi, hukitaja kifaa hiki kwa mstari mmoja: "mausi ya USB", idadi, basi. Katoni ikifika kila meza hupewa moja, na karani mwenye kiganja cha sentimita 16 anapata ileile aliyopewa mlinzi wa bohari mwenye kiganja cha sentimita 21. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwaeleze wanunuzi hao, pamoja na wenye steshenari za Ngamiani na Chumbageni, kwa nini kifaa kinachoshikwa kutwa nzima hakifai kununuliwa kwa katoni ya aina moja.

Tuanze na kipimo, maana hakigharimu kitu. Nyoosha mkono, weka rula kwenye mkunjo wa kifundo, soma hadi ncha ya kidole cha kati. Zidisha kwa 0.6. Kiganja cha sentimita 18 kinataka mausi ya karibu sentimita 11. Cha sentimita 21 kinataka ya 12 na nusu. Hiyo ni kanuni ya fundi, si sheria. Anayelaza kiganja chote juu ya mausi aongeze kidogo, anayeishika kwa ncha za vidole apunguze. Mausi fupi kwenye mkono mrefu humlazimisha mtu kukunja vidole na kuning'iniza kifundo hewani, na jioni maumivu huanzia hapo. Wanaotumia mkono wa kushoto ndio wanaoonewa zaidi. Kubadilisha vitufe kwenye mipangilio ni kazi ya nusu dakika, lakini mausi iliyochongwa kwa dole gumba la kulia haigeuki kwa mipangilio. Wao wapewe yenye pande mbili zinazolingana.

Halafu kuna namba kubwa kwenye boksi. Muuzaji atakwambia hii ina DPI 6400, ile ina 1600 tu, kana kwamba anauza betri. DPI ni idadi ya hatua ambazo mausi huhesabu ikisogea inchi moja. Kioo cha kompyuta chenye nukta 1920 kwa upana huvukwa kwa mwendo wa sentimita 6 ukiwa kwenye 800, na sentimita 3 kwenye 1600. Kwenye 6400 hata milimita 8 hazifiki. Mhasibu anayetafuta kisanduku kimoja kati ya mia kwenye jedwali atakipita kila mara, kisha atalaumu macho yake. Kwa kazi za ofisi 800 hadi 1600 zinatosha kabisa, na katika mausi za bei ndogo namba kubwa mara nyingi ni hesabu iliyozidishwa ndani ya chipu, si kihisi kizuri zaidi. Taa za rangi nazo hatuna la kusema juu yake, isipokuwa kwamba hazielekezi kishale cha kwenye kioo cha kompyuta.

Kwenye Windows, kile kidirisha cha zamani cha mipangilio ya mausi kina hatua 11 za kasi. Ya sita, ile ya katikati, ndiyo inayopitisha mwendo wa mkono bila kuuongeza wala kuupunguza. Chini yake kuna kisanduku cha kuongeza usahihi wa kishale. Kikiwa na alama, umbali wa kishale hutegemea pia kasi ya mkono. Wachora ramani na wabunifu wa mabango wakiondoe. Wengine wachague wanavyopenda.

Meza nazo zina sehemu yake. Steshenari nyingi hutandika kioo juu ya meza na kuweka orodha ya bei chini yake. Mausi ya mwanga hupiga picha ndogondogo za uso wa meza, zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na kuzilinganisha ili ijue imesogea wapi. Kioo safi hakina alama za kulinganisha, kwa hiyo kishale hutetemeka au hukataa kwenda. Logitech walitoa mwaka 2009 mausi za Darkfield zinazofanya kazi juu ya kioo cha unene wa milimita 4 au zaidi, lakini bei yake si ya kaunta ya fotokopi. Karatasi ya A4 isiyong'aa, ikigandishwa pembe nne kwa selotepu, inamaliza tatizo.

Sasa hewa yetu ya chumvi. Chini ya kitufe cha kushoto kuna swichi ndogo yenye ulimi mwembamba wa chuma. Ulimi huo ukichoka, au nukta yake ya kugusana ikishika kutu, mguso mmoja hukatika na kurudi, na kompyuta husoma mibofyo miwili. Dalili yake ni faili kufunguka ulipotaka kulichagua tu, au kudondoka njiani unapoliburuta. Jaribio ni rahisi: buruta faili polepole kutoka ukingo mmoja wa kioo cha kompyuta hadi mwingine, likidondoka bila wewe kuachia, swichi imechoka. Dawa ya kupuliza husaidia siku chache tu. Tiba ni kung'oa vile vibandiko vya kutelezea vilivyo chini, kufungua skrubu zilizofichwa humo, kuyeyusha risasi kwenye miguu mitatu na kuweka swichi nyingine. Mara nyingi swichi ya kitufe cha kulia ni ya aina ileile na haijafanya kazi hata robo, hivyo zinaweza kubadilishana nafasi. Gurudumu linaloruka juu unapolizungusha chini lina uchafu kwenye kisomeo chake: tone la spiriti, zungusha mara nyingi, subiri likauke. Mara nyingine utakuta ni unywele tu.

Zisizo na waya zina ugonjwa wao. Nyingi huwasiliana na kompyuta kwa redio ya masafa ya 2.4 GHz, na tundu la USB 3 lenye diski inayofanya kazi humwaga kelele katika masafa hayohayo. Kishale kikikwama kila unaponakili mafaili, hamisha kipokezi mbali na matundu hayo, ambayo mara nyingi ni ya bluu, au kilete mbele kwa waya wa kurefusha wa nusu mita. Usikimbilie kununua nyingine.

Kwa laptopu, watu hulaumu tachipadi, kile kibamba cha kugusa kwa kidole, kishale kinapocheza chenyewe. Chomoa chaja kwanza. Kikitulia, kosa ni la umeme: chaja haina ati (waya unaopeleka umeme ardhini), pengine kwa sababu ya ile adapta ya pini mbili. Tachipadi husoma chaji ya umeme ya kidole, na umeme unaovuja kwenye bodi huichanganya. Waya wa pini tatu kwenye soketi yenye ati ya kweli huitibu. Jasho la vidole pia husumbua, hasa miezi ya kaskazi.

Wapo ambao mausi ya kawaida haiwafai kabisa. Mwenye meza finyu au bega bovu apewe ile ya mpira unaoviringishwa kwa kidole, ambayo yenyewe haisogei. Si uzushi wa juzi: mpira wa aina hiyo ulitengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini la Kanada miaka ya 1950, kabla ya mausi ya mbao ya watafiti wa Marekani Douglas Engelbart na Bill English ya mwaka 1964. Na hao wawili hawakuamini kifaa kimoja bila ushahidi. Waliishindanisha mausi yao na kalamu ya mwanga, na hata na kifaa cha kusukumwa kwa goti chini ya meza. Usafi wa mpira ni kuutoa kila wiki na kufuta vile vinundu vitatu vidogo ambavyo mpira hukalia, maana mafuta ya ngozi hujikusanya hapo na mpira huanza kukwaruza.

Kwa ofisi ya watu 20, basi, tunapendekeza orodha iandikwe hivi: 12 za urefu wa sentimita 10 hadi 11 na nusu, 4 zilizo fupi kuliko hizo, 2 za sentimita 12 na zaidi, moja yenye pande zinazolingana, na moja ya mpira. Sampuli ziwekwe mezani siku nzima kabla ya malipo, na risiti iseme kwamba muuzaji atakubali kubadilisha ndani ya siku saba.

Mafundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga