Mama mkwe anamsema Hurrem au ananisema mimi?

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho na msinicheke, maana mume wangu keshanicheka vya kutosha, anasema mnanuniana ndani ya nyumba yangu kwa ajili ya Waturuki waliokufa miaka mia nne na kitu huko, lakini yeye anarudi saa nne usiku hajui sebuleni kunakuwaje.

Mi naishi Mbagala. Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani, alikuja kwetu mwezi wa tatu kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho limepona vizuri alhamdulillah ila akaambiwa akae mbali na moshi wa kuni kwa muda ndo ikabidi abaki. Sasa mtu kazoea shamba lake na baraza lake, unamfungia Mbagala ndani ya geti kutwa nzima afanye nini? Nikaenda kwa dogo anayeuza muvi pale kituoni nikamwambia niwekee kwenye flashi ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili iliyokuwa inaonyeshwa Azam. Mi sikuwahi kuiona, kipindi kile nilikuwa na saluni nafunga saa tatu usiku, nilikuwa nasikia tu wateja wanabishana kwenye drayaa. Nikachagua hiyo kwa sababu inaongea Kiswahili, mama hana haja ya kuhangaika na maandishi ya chini, na hata macho yangekuwa mazima yale maandishi ya Kiingereza yangemsaidia nini.

Anti hapo ndo nilinunua kesi kwa hela yangu mwenyewe.

Wiki mbili za mwanzo tulikuwa raha mustarehe. Tukishaswali isha, kahawa, kashata, episodi mbili, siku nyingine tatu. Mama alikuwa anamfia Sumbul Agha, yule msimamizi wa wanawake wa ndani, akitokea tu mlangoni mama anaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Ibrahim Pasha, yule rafiki wa Sultani aliyepandishwa mpaka waziri mkuu, hampendi, anasema huyu kapewa farasi kasahau kama alikuwa anatembea kwa miguu. Anachambua nguo, vito, mapishi, siku moja akaniuliza wanawake wote hawa na hakuna hata mmoja anayeshika mwiko, hii nyumba inakula saa ngapi? Yaani nilicheka mpaka mtoto akaamka. Niseme ukweli, miaka tisa ya ndoa sijawahi kuongea na mama mkwe wangu kama nilivyoongea naye zile wiki mbili.

Shida ikaja kwa Hurrem.

Kwa ambaye hajaiona, Sultan Suleiman anamkuta Hurrem wakati tayari ana Mahidevran, mwanamke aliyezaa naye mtoto wa kiume anaitwa Mustafa. Hurrem analetwa kama mtumwa, katekwa kwao huko ambako leo ni Ukraine, Sultani anampenda mpaka anamsahau Mahidevran. Na juu ya wote kuna mama yake Sultani, wanamwita Valide, yeye yuko upande wa Mahidevran.

Sasa niwaambie na yangu ili mnielewe. Mume wangu nilimkuta alishaoa. Waliachana na mama wa kijana wake mkubwa kabla mimi sijaingia, japo upande wa mume wanahesabu miezi kivyao na mimi nahesabu kivyangu. Kijana ana miaka kumi na nne, anaishi hukohuko Pangani na bibi yake ndo kamlea. Mmeanza kuona eh?

Ilipofika pale Mahidevran anampiga Hurrem mpaka uso unavimba, mama akapiga vigelegele. Sio kucheka Anti, vigelegele kabisa vya kutoa bibi harusi, jirani akauliza dirishani kuna nini. Nikajua ni utani. Kesho yake ananiambia huku macho yako kwenye tivii, "kuna watu wanaingia nyumba ya watu na kifurushi kimoja, wanataka kutoka na funguo." Nikasema mama lakini Hurrem hakujileta, aliuzwa. Akajibu, "wote ndo wanavyosema." Hurrem alipovishwa ile pete ya jiwe la kijani mama akavuta pumzi akasema basi tu, nyota za wenzao wanazisafiria. Mnajua kanga hiyo inaandikwaje. Na mimi Mungu anisamehe mdomo wangu mfupi, nikasema mla ni mla leo mama, mla jana kala nini.

Hapo tukawa hatuangalii tena tamthilia, tunarushiana vijembe kwa midomo ya Waturuki. Tena mtu baki akiingia anaona tunatoa maoni tu kama watu wengine.

Usiku mmoja umeme ukakatika, nikawa kitandani na simu nikaanza kusoma habari za hawa watu, kumbe ni historia kweli walikuwepo. Suleiman katawala kuanzia 1520 mpaka 1566. Ibrahim Pasha na ujanja wote ule na udugu wote ule na Sultani, ananyongwa mwaka 1536 kwa amri ya Sultani mwenyewe. Na Hurrem ndo akaolewa ndoa kamili, kitu ambacho masultani wa pale walikuwa hawafanyi kwa watumwa wao wa ndani. Nikasoma mpaka simu ikazima chaji.

Kesho yake tuko kwenye episodi Valide anamfokea Hurrem, mi nachagua mchele, mama anatikisa kichwa anasema, "huyu mama ndo nguzo ya nyumba ile, asingekuwepo yeye mwanawe angeshamalizwa nyama na mifupa." Na mimi bila kuinua uso nikasema, "subiri tu mama, mwaka 1534 huyo Valide anakufa, halafu uone Hurrem anavyoishika nyumba."

Kimya.

Feni tu ndo ilikuwa inasikika. Mama akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "haya mwanangu, nimekusikia," akaenda kulala. Kahawa haikumalizwa, na mama yule hata akiwa na homa kahawa haachi.

Tangu siku hiyo ni wiki ya pili sasa. Hanitukani, hanifokei, ananiitikia salamu vizuri mno, na kuna kitu kimoja kimebadilika ambacho mume wangu hawezi kukiona, zamani alikuwa ananiita mwanangu, saizi ananiita mke wa mwanangu. Jioni anaweka kiti nje anakaa na redio. Na juzi kamwambia mume wangu Jumamosi amkatie basi la Tanga, eti paa la jikoni kwake linavuja. Halivuji, tulipiga bati jipya mwaka jana.

Mume anasema muombe radhi yaishe. Niombe radhi kwa lipi? Nikisema mama nilikuwa namaanisha yule wa kwenye tivii, atanijibu kwani mimi nimesema umenisema mimi? Nyie mnaowajua wakwe wa pwani mnajua hili jibu lipo tayari linasubiri. Nikinyamaza, anapanda basi na lile neno. Nikiomba radhi moja kwa moja nakuwa nimekubali kwamba nilimtakia kifo, na binti yake wa Muheza akilipata hilo kabla ya magharibi ukoo mzima utakuwa unalo. Nilifikiria nipitie kwa huyo wifi wa Muheza lakini huyo mpaka leo anashona sare za harusi na yule mke wa kwanza.

Halafu kuna kitu nawaandikia nyie tu, mume wangu sijamwambia. Mi mwenyewe sina uhakika kama nilikuwa namsema Valide. Nilisoma mambo mengi usiku ule, ningeweza kumwambia ya Ibrahim ambaye hata yeye hampendi angefurahi, mbona nilichagua hilo? Ila kumtakia kifo hapana, wallahi hapana. Nilitaka tu na mimi siku moja nishinde.

Na nimemmisi. Flashi bado iko nyuma ya tivii, sijaigusa, naona kuangalia peke yangu ni kama kula daku chumbani umejifungia.

Sasa jana jioni nasonga ugali, binti yangu wa miaka sita akaja jikoni anasema mama, bibi kasema nikuulize eti Mustafa yule mtoto wa Mahidevran huko mbele anafanywaje?

Anti, nimeshasoma. Mwaka 1553 baba yake anaamuru anyongwe, na wengi waliona mkono wa Hurrem uko humo, yeye na mkwe wake Rustem Pasha. Na mama mkwe tangu wiki ya kwanza kabisa, tulipokuwa bado tunacheka, huyu mjukuu wake wa Pangani akimpigia simu alikuwa anamwita Mustafa wangu.

Mtoto kasimama mlangoni anasubiri jibu. Nikamwambia kamwambie bibi mama bado hajafika hapo. Akaenda, akarudi, akasema bibi kasema ana mpaka Ijumaa usiku.

Leo Jumatano. Nimjibu nini?