Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: wahesabuni wagonjwa wetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ndiye msimamizi wa mawasiliano katika shirika dogo la watu wenye magonjwa adimu hapa Nairobi. Februari, katika Siku ya Magonjwa Adimu Duniani, ulisimama mbele ya wazazi wetu ukaahidi kwamba sajili ya kitaifa ya wagonjwa hawa itaanzishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Ahadi hiyo niliiandika mimi kwenye taarifa kwa wanahabari, na wazazi wengi waliiamini kwa kuwa walinijua.

Mwaka wa fedha ulikwisha Juni.

Wiki jana mama mmoja wa Kayole alimbeba mgongoni mwanawe wa miaka 11 mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaolegeza misuli mpaka mtoto ashindwe kutembea. Matatu mbili, kisha foleni tangu alfajiri. Karani akamwambia ugonjwa huo haumo kwenye mfumo, arudi na barua. Barua ipi, hakuambiwa. Alinipigia simu akilia, akaniuliza kama yale ya Februari yalikuwa kweli. Nilikosa la kumjibu, na bado linaniuma.

Kila mwanahabari anayenipigia huuliza: Kenya wako wangapi? Namtajia hesabu za dunia, watu wapatao milioni 300, magonjwa zaidi ya 6,000, mengi yakiwa ya vinasaba. Za kwetu sina. Anashukuru, na habari haitoki. Nadhani hata wanaopanga bajeti hukwama papo hapo: wasipoona idadi hawatengi fedha, na dawa haziagizwi. Au labda kuna anayeona kwamba wachache wanaweza kungoja. Duchenne haingoji, Mheshimiwa. Dawa za steroidi humwongezea mtoto muda wa kutembea, ila sharti ajulikane mapema.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kila mtu, si mwenye ugonjwa wa kawaida tu. Na Mei 2025, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuyapa magonjwa adimu kipaumbele.

Sasa juzi ofisi yako imeniomba nilete familia kwenye hafla nyingine, waje na watoto, kutakuwa na wapiga picha. Sitawaita. Wazazi hawa hukodi teksi kwa pesa ya unga ili wafike mjini.

Anzisha sajili. Hata ikianza na daftari moja katika hospitali moja ya rufaa, ianze. Wazazi wako tayari kuandikisha watoto wao, na fomu tulizopendekeza ziko ofisini kwako tangu Machi. Zinangoja sahihi yako. Tafadhali, Mheshimiwa, tia sahihi.

Wako kwa heshima,
Msimamizi wa mawasiliano,
Nairobi