Hapo ni pa mlilana

Ndugu yangu,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu zangu huzipokei tangu arobaini ya shangazi, na nimesikia umo tena katika ujumbe unaokwenda kwenye mazungumzo ya tabianchi. Hongera. Ada ya mwaka wako wa kwanza ilitokana na kaa wa shangazi, nami bado najivunia.

Lakini siku ile ya kupanda mikoko sijaisahau. Maji yalikuwa yamekupwa, wageni wamesimama topeni, na shangazi, kanga ameikunja magotini, akakwambia: "Hapo ni pa mlilana, mkoko hautashika." Mlilana, wajua, ni aina nyingine ya mti wa jamii ya mikoko, ule uotao ukingoni mwa bahari. Ukacheka, ukamgeukia mgeni ukamwambia kwa Kiingereza kwamba wazee wetu wana hadithi nyingi. Kiingereza hakukijua, kicheko alikijua. Miche ile ya aina moja ikahesabiwa, ikapigwa picha, ikaandikwa kuwa tani za hewa ukaa, kisha kusi ikaikomba yote.

Nawe ndiwe uliyenieleza kwamba mkataba wa tabianchi na ule wa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, ilifunguliwa kutiwa saini pamoja Rio de Janeiro mwaka 1992, halafu kila mmoja ukashika njia yake, na vikao vyake na vipimo vyake. Makubaliano ya bioanuwai ya Montreal ya Desemba 2022, katika shabaha ya 8, yanataka madhara ya hatua za tabianchi kwa bioanuwai yapunguzwe kadiri iwezekanavyo. Shangazi hakuyasoma, ila alijua kwamba kaa huburuta majani hadi mashimoni. Na sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko, kama ujuavyo, imo topeni, si mitini. Anayehesabu tani bila kumhesabu kaa hata hizo tani hazijui. Kule Gazi, pwani ya Kenya, Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013, wanauza hati za kaboni kwa kuulinda msitu wa mikoko wa hekta 117. Basi mkiandika ahadi za nchi chini ya Mkataba wa Paris, dai kwamba aina za miti na viumbe zihesabiwe kabla ya tani.

Utasema nami nilikuwepo, nikabeba miche na kupokea ujira. Nilipokea, nilikuwa na watoto, na nani angenisikiliza mimi mbele yako? Na boriti za mikoko nilizokata zilikuwa za nyumba ya shangazi, si za kuuza, isipokuwa mara ile moja unayoijua.

Kibao cha mradi kingali topeni, na kando yake mililana mitatu imeota bila kupandwa na mtu. Sijaking'oa. Nakungoja uje ukitoe mwenyewe.