Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

YAH: NJIA YA RUFAA ITANGULIE UTAFITI WA SONONA

Ndugu Mganga Mkuu, salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni watafiti wasaidizi katika tafiti za matibabu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Ndio tunaoingia zahanati na majumbani na vishikwambi, tukiwasomea watu hojaji kwa sauti. Kibali cha maadili hutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hilo tunalifahamu. Ila utafiti hauwezi kufika kijijini pasipo mkoa na halmashauri kuridhia, ndiyo maana tunakuandikia wewe.

Tunaomba utafiti wowote wa sonona usiandikishe mshiriki hata mmoja kabla ya kuandikwa, kwa jina na namba ya simu, nani atampokea mtu aliyejibu kwamba anawaza kufa.

Hojaji inayotumika sana, PHQ-9, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na tafiti nyingi huandikisha kuanzia 10. Swali la tisa huuliza kama mtu amewaza kuwa ni afadhali afe, au ajidhuru. Hapo alama 1 tu inatosha kusimamisha kila kitu, hata kama jumla yake ni 4. Programu nyingine za kukusanyia taarifa huangalia jumla peke yake, hivyo mtu huyo anashukuriwa na kurudishwa nyumbani. Kishikwambi kinapaswa kutoa onyo kwa swali la tisa lenyewe, na kisikubali kufunga fomu mpaka hatua iliyochukuliwa ijazwe.

Hatua zenyewe si ngumu. Unaweka hojaji pembeni na kuuliza waziwazi: mawazo hayo yamekuja lini, una mpango, una kitu cha kutumia, umewahi kujaribu? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani; wengi hupumua kwa kuulizwa. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwa dakika ya kwenda msalani. Unampigia mganga wa zamu mbele yake, unamtafuta ndugu ambaye yeye mwenyewe amemchagua, na mnakubaliana vitu vya hatari viondolewe nyumbani. Kisha anasindikizwa.

Kazi hukwama kwenye kumpigia mganga. Namba iliyoandikwa kwenye fomu ni ya mtu aliyehamishwa, au anayepokea simu siku za kazi tu ilhali mahojiano mengi ni Jumamosi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo mjini Dodoma, lakini mgonjwa wa Mpwapwa anahitaji nauli yake na ya msindikizaji, kwenda na kurudi. Masika yakikolea, baadhi ya njia za Bahi hazipitiki kwa bodaboda. Kwa hiyo kila halmashauri iwe na tabibu wawili waliopewa mafunzo, mmoja akiwa zamu siku zote za utafiti, na fedha ya nauli ikae kwenye bajeti ya mradi, isitegemee mifuko ya wasaidizi.

Hata takwimu zinanufaika. Anayepima matokeo hatakiwi kujua mshiriki yuko kundi la matibabu au kundi linganishi, yaani lisilopewa matibabu yanayojaribiwa. Msaidizi akilazimika kushughulikia dharura peke yake, atajua tu, na kipimo chake cha baadaye kitaegemea upande mmoja.

Tunakuomba pia uangalie faragha, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mtu anajua hilo, au amelisikia. Mahojiano yakifanyika chini ya mti wa ofisi ya kijiji, mtendaji akiwa hatua tatu pembeni, swali la tisa litajibiwa "hapana" na kila mtu. Barua ya utambulisho kutoka ofisi yako ieleze kwamba viongozi wa kijiji wanapewa taarifa ya kuwapo kwa utafiti, si orodha ya majina. Ujumbe wa kukumbushia miadi nao usitaje sonona wala jina la mradi, maana simu moja husomwa na nyumba nzima.

Sasa dawa. Kati ya dawa za sonona, amitriptilini hupatikana zaidi, lakini ni hatari ikizidishwa, hivyo mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe dozi ya mwezi. Apewe ya wiki, ikae kwa ndugu, na ikiwezekana atumie fluoksetini, dawa nyingine ya sonona. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, wakati madhara kama mdomo kukauka na usingizi mzito wa amitriptilini huanza mapema. Asiyeelezwa hilo mapema huacha wiki ya pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulitaka matibabu yaendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, kisha dozi ipunguzwe taratibu kwa wiki zisizopungua 4. Linganisha na mradi wa miezi sita unaofunga virago na dawa zake. Mganga Mkuu, hapa tunakusihi kwa dhati: kabla ya kuridhia, dai maandishi yanayoonyesha zahanati ipi itaendelea kutoa dawa, na kwamba mahitaji hayo yameingizwa kwenye oda ya Bohari ya Dawa.

Jambo dogo la kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na Februari ghala nyingi zinakuwa tupu. Hojaji inauliza hamu ya kula, uchovu na usingizi. Ukipima Februari na kurudia Julai, baada ya mavuno, alama zitashuka hata kwa asiyetibiwa. Utafiti usio na kundi linganishi lililopimwa miezi hiyo hiyo usiletewe mkoa kama ushahidi.

Wataalamu wachache si kikwazo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 kutoka Harare, la Friendship Bench, lilionyesha kwamba wahudumu wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa wanaweza kupunguza dalili za sonona kwa vikao sita vya mazungumzo. Neno la kuzingatia hapo ni kusimamiwa. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Waongezewe msimamizi anayepokea simu.

Tunaomba masharti haya yaandikwe kwenye barua ya kuridhia ya mkoa, na nakala iende kwa Waganga Wakuu wa Wilaya zote, kabla ya tafiti zijazo kuanza kuandikisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Watafiti wasaidizi wa tafiti za sonona, Dodoma