Kutafuta chanzo cha fibromialjia: tunachoweza kukufanyia na tusichoweza

Wateja wengi wanaopanda ngazi kuja kwetu hapa Ngara, Nairobi, huwa na ombi moja lililokwisha kuwaiva mdomoni: "Nimechoka kutibiwa dalili, nataka mnitafutie chanzo." Mama mmoja anayeuza nguo za mitumba Gikomba alituambia hivyo mwaka jana kabla hata hajakaa. Alipokaa aliishusha kamba ya mkoba begani, akaupakata mkoba wenyewe, kisha akamwaga mezani vilivyokuwa ndani ya bahasha ya kaki: picha mbili za eksirei za mgongo, karatasi za maabara za miaka minne, vidonge vya maumivu vya diklofenaki vilivyobaki nusu, na chupa tatu za unga wa mitishamba zisizokuwa na lebo. Karatasi zote zilisema kwamba hana ugonjwa. Yeye alisema kwamba kamba ya mkoba ule, ambao ulikuwa mtupu sasa, ilimuuma kana kwamba bega limechubuka.

Kwa kuwa sisi ni watoaji wa tiba asili, huenda msomaji akatarajia tuseme kwamba hospitali zimeshindwa kukiona chanzo na kwamba sisi tunacho mkononi. Hatutasema hivyo, kwa sababu si kweli, na kwa sababu tumewaona watu waliouza mbuzi na kukopa kwenye chama ili kulipia maneno ya namna hiyo. Tutakachofanya ni kueleza neno chanzo linamaanisha nini katika ugonjwa huu, kazi ipi inatuhusu sisi na kazi ipi ni ya daktari.

Fibromialjia ni ugonjwa wa maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi isiyopungua mitatu, yakiandamana na uchovu usiokwisha kwa kupumzika, usingizi usioburudisha, na akili kuwa nzito hata mtu akalisahau neno alilokuwa akitaka kulitamka. Inakadiriwa kwamba huwapata watu kati ya 2 na 4 katika kila 100, na wanawake ndio wengi. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouonyesha. Kwa utaratibu wa mwaka 1990, madaktari walibonyeza sehemu 18 za mwili, na aliyeumia katika 11 kati ya hizo alihesabiwa kuwa nao. Utaratibu huo uliwekewa mbadala mwaka 2010, nao ukarekebishwa mwaka 2016: siku hizi mwili hugawanywa katika maeneo 19, mgonjwa akaulizwa ni yapi yaliyouma katika juma lililopita, na uchovu, usingizi na usahaulifu wake vikapewa alama. Kwetu tunao mchoro wa mwili wa binadamu, mbele na nyuma, na tunampa mteja penseli nyekundu apake mwenyewe, ingawa jina la ugonjwa tunamwachia daktari alithibitishe. Mama wa Gikomba alianza na mabega, akaenda kwenye taya, mikono, kiuno, mapaja, kisha akasita na kuuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kupaka mwili mzima. Inaruhusiwa.

Kinachofahamika vizuri ni kwamba tatizo liko katika namna habari za maumivu zinavyosafirishwa na kupokewa. Habari hizo hutoka ngozini na misulini, hupanda kupitia uti wa mgongo hadi ubongoni, na kutoka ubongoni hushuka njia nyingine ambazo kazi yake ni kuzituliza. Kwa mwenye fibromialjia, kinachopanda huongezwa nguvu na kinachotuliza hulegea. Ni kama mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa mara moja, ambaye tangu siku hiyo hupuliza filimbi hata paka akipita juu ya ukuta: filimbi ni ya kweli, usingizi wa wapangaji umeharibika kweli, ila ukikagua ua hutamkuta mwizi. Ndiyo maana eksirei hutoka safi. Misuli haijachanika na mifupa haijalika, lakini maumivu yapo. Watafiti waliopima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliikuta kemikali inayobeba habari za maumivu, iitwayo sabstansi P, ikiwa juu kuliko ya watu wenye afya. Mwaka 2021 watafiti wa King's College London na wenzao walichapisha matokeo ya kuwadunga panya kingamwili zilizotoka kwa wagonjwa wa fibromialjia, na panya hao wakawa wepesi wa kuumia, jambo linaloashiria kwamba huenda mfumo wa kinga ya mwili nao una mkono wake. Anayemwambia mgonjwa wa namna hii kwamba ana mawazo tu, au kwamba anakwepa kazi, anamwongezea mzigo bure, na inatuhuzunisha kwamba mara nyingi maneno hayo hutoka kwa watu wa nyumbani kwake.

Kwa hiyo mtu anapotuomba tumtafutie chanzo, swali letu la kwanza ni kama kweli ana fibromialjia, au ana ugonjwa mwingine unaofanana nayo na wenye tiba yake. Mimi ninayeandika nalisema hili nikiwa na deni. Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi hii alinijia mwalimu wa shule ya msingi aliyeumwa mwili mzima, aliyechoka kupindukia, aliyeongezeka uzito, na aliyevaa sweta mbili wakati wenzake walivaa moja. Nilimweka kwenye mpango wa kusafisha mwili kwa majuma kumi, juisi asubuhi na unga wa majani jioni, nikimhakikishia kwamba sumu zinatoka. Dada yake ndiye aliyempeleka maabara, na ikabainika kwamba tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili, ilikuwa imelala. Alianza vidonge vya thairoksini na baada ya miezi michache akawa mtu mwingine. Nilimrudishia fedha zake, lakini majuma yale kumi sikuweza kumrudishia.

Tangu hapo hatumwanzishii mtu chochote kabla ya kuona majibu ya vipimo vya msingi, ambavyo tunamwomba akafanyiwe na daktari wake au kituo cha afya anachokiamini: hesabu ya damu, akiba ya madini ya chuma, tezi ya thairoidi, sukari, figo na ini, na viashiria vya inflamesheni, yaani mwako na uvimbe wa ndani ya mwili. Vitamini D nayo huwa chini kwa watu wanaokaa ndani kutwa, na upungufu wake mkubwa huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli. Anayetumia metfomini ya kisukari kwa miaka mingi hupimwa vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake huleta ganzi na uchovu. Anayetumia statini za kupunguza kolesteroli huulizwa kama maumivu yalianza baada ya dawa. Aliyekunywa maziwa yasiyochemshwa na mwenye homa za kuja na kuondoka huchunguzwa bruselosisi, ugonjwa wa bakteria utokao kwa mifugo, ingawa hapa tunatoa tahadhari: kipimo cha haraka cha ugonjwa huo kinaweza kudanganya, na ni vyema kithibitishwe kabla ya mtu kumeza antibiotiki kwa majuma. Aidha, mtu anaweza kuwa na baridi yabisi au lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) pamoja na fibromialjia kwa wakati mmoja, kwa hiyo kupata jina moja hakumalizi uchunguzi. Kiungo kilichovimba, homa, kupungua uzito bila sababu, jasho jingi usiku au mkono kukosa nguvu ni mambo ya daktari, na sisi hatuyagusi.

Ikiwa magonjwa hayo yote hayapo, basi tunazungumza juu ya chanzo kwa maana nyingine. Wengine walianza baada ya ajali, wengine baada ya maambukizi makali, wengine baada ya msiba au miaka ya kuishi kwa hofu, na jamaa wa karibu wa mgonjwa huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata. Mambo haya hayawezi kung'olewa kama mzizi wa mti. Yaliyo karibu na mkono wetu ni yale yanayouendeleza ugonjwa leo, na la kwanza ni usingizi. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake, huko Toronto, walichapisha utafiti ambamo watu wenye afya waliokatizwa usingizi wao mzito usiku baada ya usiku walianza kuumwa misuli na kuchoka kama wagonjwa. Sasa fikiria mtu anayetoka Kayole saa kumi na nusu alfajiri ili awahi matatu ya kwanza, anayerudi saa tatu usiku, na anayekunywa vikombe viwili vya chai ya rangi kabla ya kulala. Hatuwezi kumbadilishia ratiba ya kazi, lakini tunaweza kuiondoa ile chai ya usiku, na kupanga saa ya kulala isiyohamahama; naye anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini tunampeleka kwa daktari, kwa sababu huo ni ugonjwa wenye tiba yake.

La pili ni mazoezi, na hapa hatuna budi kukaa kidogo. Jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa baridi yabisi, EULAR, ilipochapisha mapendekezo yake mwaka 2017 baada ya kupitia tiba za dawa na zisizo za dawa, ni mazoezi pekee yaliyopata pendekezo lenye nguvu. Mgonjwa akisikia hivyo huudhika, na ana haki, maana mtu anayeumia akiinua sufuria haambiwi tu aende akakimbie msitu wa Karura. Kosa tunaloliona kila mara ni la siku nzuri. Mama wa Gikomba aliamka Jumamosi moja akiwa mwepesi, akafua mablanketi matano na mapazia, akapanga upya mabunda dukani, kisha akalala kitandani hadi Jumanne. Tulikubaliana kwamba siku nzuri na siku mbaya zitapewa kipimo kilekile: dakika tano za kutembea asubuhi, kwenda na kurudi, akiongeza dakika moja kila juma ikiwa tu juma lililotangulia halikumwangusha. Katika juma la kumi na mbili alikuwa bado kwenye dakika kumi na moja, kwa kuwa mara tano hatukuongeza kitu. Hajapona. Ila kwenye mchoro wa mwezi uliopita alipaka maeneo manane, na siku hizi hufungua kibanda siku tano kwa juma badala ya tatu.

Kuhusu chakula tutasema machache, kwa sababu hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kuuondoa ugonjwa huu. Maharagwe, managu, terere na mbegu za maboga ni chakula chema na vinapatikana Marikiti kwa bei ya kawaida. Mwenye upungufu wa madini ya chuma asinywe chai pamoja na chakula, kwa maana chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Kukandwa kwa mkono mwepesi na maji ya uvuguvugu hutuliza, na tunavitoa vyote viwili, ingawa nafuu yake ni ya muda.

Mitishamba ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, nasi ndio wauzaji wake. Tangawizi na manjano katika chakula havina neno, lakini vidonge vya manjano vyenye nguvu vikikutana na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Mmea uitwao St. John's wort ukichanganywa na dawa za dulokisetini au tramadoli, zinazotumiwa kwa maumivu, unaweza kuleta sumu ya serotonini, yaani kemikali hiyo ya ubongo kuzidi mno, ambayo ni hali ya dharura. Zaidi ya hayo, unga unaoondoa maumivu yote kwa siku mbili unapaswa kukutisha. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama lishe ilhali ndani yake mlifichwa diklofenaki na deksamethasoni. Deksamethasoni ni steroidi: ikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, na ikiachwa ghafla mwili unaweza kuzirai kwa kukosa homoni yake yenyewe. Kwa hiyo aliyezoea unga wa namna hiyo asiutupe tu. Amwone daktari kwanza, kama tulivyomwomba mama wa Gikomba afanye na zile chupa tatu. Hapa Kenya dawa za mitishamba husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na unayo haki ya kumwomba muuzaji yeyote, tukiwemo sisi, akuonyeshe namba ya usajili.

Dawa za hospitali nazo zina nafasi yake. Amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku, dulokisetini na pregabalini huwasaidia baadhi ya wagonjwa, ingawa si wote, na hatutakuambia uziache. Diklofenaki na ibuprofeni kwa kawaida hazifui dafu hapa, maana hakuna uvimbe wa kutuliza, huku tumbo na figo vikiendelea kulipa.

Kikao cha kwanza huchukua dakika tisini na ada yake ni shilingi 2,500; kama tutaona kwamba unahitaji daktari na si sisi, tutakuandikia barua ya kumpelekea na kukurudishia nusu ya ada. Vikao vinavyofuata ni vya dakika arubaini, mara moja kwa mwezi, na hatuuzi vifurushi vya miezi sita vinavyolipiwa mbele. Njoo na kila karatasi ya maabara uliyonayo, na kila dawa unayomeza, hata zile zisizokuwa na lebo na zile ambazo hukumweleza daktari. Ukiweza, andika kwa juma moja kabla ya kuja saa uliyolala, saa uliyoamka, na ulichofanya siku uliyozidiwa. Vaa nguo pana zisizobana mabegani, na ukishindwa na ngazi, piga simu ukiwa mlangoni. Kipo chumba cha chini tunachokitumia.